Kiharusi kidogo: msimharakishe mgonjwa kurudi nyumbani

Mama alikuwa barazani akichambua karafuu, msimu wa mwaka juzi, hapa Wete. Nikaona vikonyo vinamponyoka mkono wa kulia. Nilipomwita alijibu maneno mazitomazito, mdomo umekwenda upande. Tulipofika hospitali mkono ushafanya kazi, na anauliza nani kaanua karafuu. "Nirudisheni, mie mzima." Nami nilishashika mkoba wake.

Daktari akakataa. Alitaka alale pale siku mbili.

Kilichompata kinaitwa kiharusi cha mpito. Damu iliyoganda huziba mshipa wa ubongo, kisha njia ikafunguka. Dalili huondoka, mara nyingi ndani ya saa moja, lakini kilicholeta donge lile bado kipo, na saa 48 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi chenyewe. Wengi hulazwa siku moja au mbili. Wengine huruhusiwa siku hiyo hiyo, vipimo vikishakamilika.

Kwa hiyo msiulize tu atalala siku ngapi, ulizeni vipimo: picha ya kichwa, presha, sukari, mafuta ya damu, mishipa ya shingo, moyo. Kipimo cha kwanza cha moyo wa mama kilitoka safi. Usiku wa pili nesi alimshika kiganja kuhesabu mapigo, akanyamaza muda mrefu, akahesabu tena, akaenda kumwita daktari. Mapigo yalikuwa hayana mpango. Moyo ukienda hivyo, damu hutuama ndani yake na kuganda. Tungeondoka mapema tungepewa aspirini, na kumbe alihitaji dawa nyingine, yenye nguvu zaidi ya kuzuia damu isigande. Nesi yule namwombea dua mpaka leo.

Wapo jamaa waliosema ni upepo, atolewe akasomewe. Sikubishana nao. Mwalimu alikuja kumsomea pale pale kitandani.

Mkiruhusiwa, ondokeni mkijua dawa zipi, hadi lini, na kliniki ni siku gani. Dalili zikirudi msingoje zipite, wala msimpe aspirini kwa kubahatisha: kama mshipa umepasuka, mtamzidishia kuvuja damu. Mpelekeni, na tazameni dalili zilianza saa ngapi, maana dawa ya kuyeyusha donge, kwa hospitali iliyo nayo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Ndilo swali la kwanza tuliloulizwa mlangoni, na mimi sikuwa na jibu.