Usiuhamishie kwenye mboga huo mche!

Usiuhamishe. Uache hapo hapo ulipo, soma hii kwanza.

Unasema uliagiza mbegu za bilinganya mtandaoni, kimeota kitu chenye majani usiyoyaelewa, na sasa unataka kukipeleka kwenye tuta la mchicha kikue ndipo kijulikane. Umeuliza na mbolea, umeuliza na jua. Hayo baadaye. Hilo la tuta ndilo lililonishtua.

Pakiti yangu nayo iliandikwa bilinganya. Kilichoota ni mnanaha, ule wanaouita Datura stramonium. Ni ukoo mmoja na bilinganya, na miche michanga inafanana mno. Nilipomtumia muuzaji picha akanijibu eti ni chotara, majani hubadilika. Mtu hajui alichofungasha, na badala ya kusema hajui anakutungia maneno! Bado nina hasira naye. Programu ya simu ya kutambua mimea nayo iling'ang'ania bilinganya mpaka ua lilipotoka, jeupe, refu kama tarumbeta.

Kabla ya ua hilo nilikuwa nimeupogoa kwa mikono mitupu, nikajifuta jasho jichoni. Jioni mboni ya jicho moja imetanuka, ya pili iko vilevile. Mwanga unachoma, maandishi ya karibu hayasomeki. Nyumbani wote tulidhani ni kiharusi. Daktari ndiye aliyeuliza, "Leo umeshika mmea gani?" Utomvu wa mnanaha una sumu za atropini na skopolamini, na hapo uligusa jicho tu. Ukiumeza, kinywa kinakauka, moyo unakwenda mbio, mtu anaweweseka, na wapo wanaokufa. Nami nilikuwa nimeupanda kwenye tuta la mchicha; mchicha wote wa tuta lile niliung'oa nikautupa, maana majani machanga yakishachumwa pamoja, nani atayatenganisha? Desemba 2022 huko Australia watu wengi waliugua kwa kula spinachi ya dukani, ikabainika majani ya mnanaha yalichanganyika nayo tangu shambani.

Kwa hiyo: mche usioujua ukae kwenye chungu chake peke yake mpaka utoe ua. Vaa glavu. Usionje hata ncha ya jani, na watoto wasiusogelee. Atakayekwambia "weka tu tutaona", mwache aweke kwake.

Wakati unasubiri ua, tazama pakiti kama imebaki mbegu. Ya bilinganya ni bapa, laini, rangi ya manjano iliyofifia. Ya mnanaha ikikomaa ni nyeusi au kahawia iliyokolea, umbo la figo, na ina vishimo vidogo vidogo juu yake. Kisha, glavu zikiwa mkononi, kagua jani: la bilinganya lina vinyweleo laini, la mnanaha halina vya kutajika, kingo zake zina meno makubwa yasiyolingana, na ukilifikicha linanuka vibaya. Nawa mikono baada ya hapo, kwa sabuni.

Piga picha ya mbegu, shina na yale majani mawili ya mwanzo, uziweke hapa leo hii.