Farasi wa Aisilandi kwa mwenye mgongo unaouma

SWALI: Salaam daktari. Naishi Ujerumani, nina miaka 51 na kilo 74. Mgongo wangu hauvumilii kurushwarushwa tandikoni. Nimeambiwa nitafute farasi wa Aisilandi. Mbona ni mdogo, ataniweza? Na huo ulaini wa mwendo ni wa kweli?

JIBU: Salaam dada. Ulaini ni wa kweli, lakini usimnunue kwa sifa za kabila lake. Msikilize kwa masikio yako.

Farasi akienda matiti, miguu hukanyaga miwili miwili kwa mshazari, na katikati mwili mzima huwa hewani. Kishindo cha kutua ndicho kinachokupiga kiunoni. Wa Aisilandi ana mwendo wa ziada uitwao tolti: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, kila mguu kwa zamu yake, na daima pana mguu uliokanyaga chini. Waliopanda punda huko pwani wataikumbuka telki, ila hii yaweza kwenda kasi sana. Uwezo huo ni wa kuzaliwa. Mwaka 2012 watafiti waliuhusisha na badiliko katika jeni ya DMRT3.

Siku ya kumjaribu, mwenye farasi apande kwanza, nawe simama kando ya njia ngumu ufumbe macho. Ukisikia ko-ko-ko-ko, mapigo manne yaliyolingana, panda. Yakija koko… koko, miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja, naye atakuyumbisha. Huyo mwache, hata awe mpole vipi.

Kuhusu uzito, wengi wao wana kilo 350 hivi. Wewe na tandiko mnafika kama 82, mmezidi kidogo ile moja ya tano ya uzito wa farasi tunayoiheshimu. Kwao hubeba watu wazima kila siku, kwa hiyo sikukatazi. Tafuta mwenye misuli mgongoni, aliyepita miaka saba, maana hukomaa polepole.

Tena uliza alizaliwa wapi, hili wanunuzi wengi hulisahau. Waliozaliwa Aisilandi hawakukua na usubi wa huku, na wengi huwashwa kila kiangazi hadi kujikwaruza vidonda. Kurudishwa hawawezi, sheria ya kwao hairuhusu farasi aliyetoka kuingia tena. Aliyezaliwa Ujerumani huugua mara chache zaidi. Kwa vyovyote, pekua mashina ya singa na mkia. Ukikuta magamba au upara, niite nimwone kabla hujalipa.