Mkesha wa Pasaka Bagamoyo: ukitaka shangwe, anza kwa kunyamaza

Kwaresima ikikaribia kwisha, wanakwaya wapya huniuliza wafanye nini mkesha wa Pasaka usipoe. Jibu langu huwakera: nyamazeni kwanza. Kengele zikishalia kwenye Utukufu (wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu") wa Alhamisi Kuu, hazisikiki tena mpaka Utukufu wa mkesha, Jumamosi usiku. Mtu aliyeshinda na redio ya kwaya Ijumaa Kuu nzima, usiku ule atasikia kitu gani kipya? Sisi mazoezi huyamaliza Jumatano, tukazifunika ngoma.

Ngoma zenyewe ndizo zenye kazi. Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na huku pwani hayo ndiyo masika. Ngozi hunyonya unyevu ikalegea, ukiipiga inalia kama godoro. Kwa hiyo makuti makavu yaingizwe ndani mapema kabla mvua haijayaloanisha. Washeni moto wenu pembeni, si ule moto mpya anaoubariki padre nje ya kanisa (kuna wanaoutolea macho!). Zungusha ngoma polepole, gonga kwa kidole, sauti ikipanda iondoe. Ukizidisha, ngozi inapasuka.

Wengi huzipasha mapema mno. Kabla ya Utukufu kuna masomo ya Agano la Kale, saba yakisomwa yote, kila moja na zaburi yake. Kufikia hapo ngoma imeshapoa. Mwacheni kijana mmoja nje na makaa, azirudishie joto masomo yakielekea mwisho.

Padre akianzisha Utukufu, msipimane: kengele, ngoma, kayamba, manyanga, vyote kwa pamoja. Vigelegele navyo vipangwe. Muombe mama mmoja akae mbele, mwingine katikati, mwingine karibu na mlango, maana wakikaa pamoja, upande mmoja wa kanisa unabaki umepooza. Spika kubwa mimi siipendi, inaimeza ngoma. Wazee wetu walisubiri mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa miaka ya 1960, ndipo ngoma zikapata nafasi kwenye Misa. Leo tuzifukie chini ya kinanda cha umeme?

Halafu kuna majirani. Misheni ipo Bagamoyo tangu 1868, lakini mji ni wa Waislamu wengi, na Pasaka za 2022, 2023 na 2024 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani. Saa za mkesha ni saa za tarawehe. Nenda ukaongee nao siku kadhaa kabla, usingoje mtu aje kulalamika. Spika za nje zizimwe, ngoma zibaki ndani. Pilau ya Jumapili, ikiwa ni mfungo, wapelekee jioni wafuturu nayo. Sahani haitarudi tupu, hilo nakuhakikishia.

Ukiwa na nguvu bado, alfajiri wafuate Walutheri au Wamoravian kwenye ibada ya makaburini. Wamoravian walianza desturi hiyo Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na matarumbeta wanayajua kweli. Mimi hapo huwa nimeshalala. Jumatatu ya Pasaka watoto wanataka ufukweni, nami huwapeleka, ila nisiombwe kupiga ngoma: viganja vinakuwa bado vinauma.