Pati 36, skoa 98, napotelea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kila mwezi navuka Sirari kupeleka mzigo Kenya, wateja wangu wa huko ndio walionivuta kwenye gofu, nina mwaka wa tatu sasa. Raundi 5 za mwisho nimeandika kila kitu kwenye daftari: wastani wa skoa 98, yaani shoti zote za raundi, kwenye paa 72, yaani shoti zinazotegemewa kwa mashimo yote, pati 36, zile za kuusukuma mpira taratibu kuelekea shimoni, na mipira 4 kila raundi inatoka nje ya mpaka. Nimenunua pata mpya, ile fimbo ya kupigia pati, na kila jioni nasukuma mipira sebuleni kwenye zulia lakini skoa haishuki hata kidogo. Nakosea wapi?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa hilo daftari, maana wengi wanaoniandikia wanakumbuka tu shoti iliyowauma. Jibu lako limo humohumo. Chukua 98 toa pati 36, zinabaki shoti 62, hizo ndio ulizotumia kuufikisha mpira kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, mashimo yote 18. Sasa paa 72 inahesabiwa hivi, pati 2 kila shimo ndio 36, na 36 nyingine za kufika grini. Kwahiyo kwenye pati hujazidisha hata moja, ila njiani umezidisha 26! Yani gunia limetoka mwaloni na kilo 50 limefika sokoni na kilo 38, halafu wewe unabadilisha mizani ya dukani.

Mapro wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa kule Marekani, wanapiga pati kama 29 kwa raundi. Hata ukiamka kesho unapati kama wao utashuka mpaka 91 tu, na hiyo ni ndoto. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, Mark Broadie, alipiga hesabu za mamilioni ya shoti akakuta karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na wa kawaida inatoka kwenye shoti za zaidi ya yadi 100, sio kwenye pati. Kipimo chake PGA Tour walianza kukitumia 2011 na hakina uchawi, kila mahali mpira ulipo pana wastani wa shoti za kumaliza shimo. Mfano mpira ukiwa futi 8 kutoka shimoni pro anaingiza kama nusu ya hizo pati, kwahiyo wastani ni 1.5, akiingiza kwa moja ameokoa nusu shoti, akitumia mbili amepoteza nusu.

Ndio maana mi idadi ya pati peke yake siiamini. Mtu anakosa grini, anachipu, yaani anauinua kwa shoti fupi, mpira unakaa karibu na shimo, anapati moja anajiona bingwa, mwenzie amefika grini kwa shoti nzuri ila yuko futi 40 anapati mbili anaonekana mbovu. Wewe kuanzia sasa andika na umbali wa pati ya kwanza, pima kwa hatua tu, hatua moja ndefu ni kama futi 3.

Turudi kwenye ile mipira 4, hapo ndipo panaponiuma. Mpira ukitoka nje ya mpaka unaongeza shoti ya adhabu na unarudi kupiga palepale ulipopigia, kwahiyo kila mmoja unakula shoti 2, jumla 8 kila raundi. Angalia daftari lako ni mashimo gani na fimbo gani, na kama ni draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kwenye mashimo yaleyale basi hapo iache kwenye begi, piga haibridi, fimbo fupi kuliko draiva, mpira uende mfupi lakini uwe ndani. Ukiokoa hata miwili tu upo 94 bila kugusa pata. Na kwenye kila shimo ulilozidisha 2 au zaidi juu ya paa andika shoti moja iliyoliharibu, muombe na kedi wako, anayekubebea fimbo, akukumbushe maana sisi wenyewe huwa tunaisingizia pati ya mwisho.

SWALI: Mwalimu, huku Kisumu asubuhi nacheza vizuri, mchana shoti zangu zote za ayoni, zile fimbo za chuma, zinaishia njiani. Takwimu niziweke pamoja?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana kaka, zitenganishe. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, upepo unaingia kutoka ziwani, kwahiyo wastani wa pamoja utakudanganya asubuhi na mchana pia. Weka kurasa mbili, na kila shimo chora mshale wa upepo. Ayoni zikiwa fupi kwenye mashimo ya kuelekea ziwani tu, hapo chukua fimbo inayopiga mbali hatua moja zaidi, swingi, yaani namna unavyozungusha fimbo, usiiguse. Zikiwa fupi hata upepo ukiwa mgongoni basi ni uchovu, niandikie tena.