Kwa anayeuza korosho zake kwa mara ya kwanza: fedha, madeni na miezi kumi ya kusubiri

Ukishakabidhiwa shamba lako mwenyewe, liwe Tandahimba, Newala, Ruangwa au Nachingwea, anza na kalenda. Minada ya korosho hufunguliwa mwezi Oktoba na kwa wengi huwa imekwisha karibu na mwaka mpya. Baada ya hapo mkorosho haukupi kitu mpaka Oktoba nyingine, ila wenyewe unaendelea kudai: palizi, kupogolea, kisha kupulizia salfa, dawa ya ukungu, maua yanapokaribia. Asiyejipanga hufika Julai mfuko mtupu, na Julai ndipo mnunuzi wa kangomba, yule anayelipa kidogo sasa ili achukue korosho zako msimu ukifika, anapopita uani.

Kangomba ichukulie kuwa ni mkopo, maana ndivyo ilivyo, kisha uipigie hesabu. Tuseme Julai umepokea shilingi 100,000 kwa ahadi ya kutoa kilo 100 msimu ukifika. Novemba bei ya mnada, baada ya makato, ikawa 2,500 kwa kilo. Korosho unazomkabidhi zina thamani ya 250,000. Umelipa 150,000 juu ya laki moja kwa miezi minne, yaani asilimia 37.5 kila mwezi. Hapo bado hatujagusa kipimo: bakuli hujazwa mpaka kichuguu, na kile kichuguu hakihesabiwi. Kisha biashara yenyewe imepigwa marufuku, kwa hiyo ukidhulumiwa huna pa kushtaki.

Linganisha na mkopeshaji mwenye leseni. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Laki moja ileile kwa miezi minne ni riba ya 14,000. Uliza pia ada ya fomu, bima na kinachokatwa kabla hujapokea, maana huko ndiko gharama hujificha. Omba kuoneshwa leseni. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na tawi lao lipo Mtwara mjini. Na kabla hujabonyeza "kubali" kwenye simu, kumbuka kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni.

Hata mkopo halali unaweza kukuumiza kama marejesho hayafuati mapato yako. Mikopo ya kila wiki, ile watu wanayoiita kausha damu, inamfaa labda mama lishe anayeshika fedha kila siku. Chukua mfano: umeandikiwa 200,000, mkononi ukapewa 180,000, na unarejesha 30,000 kwa wiki nane. Jumla ni 240,000. Mkulima wa korosho ataitoa wapi 30,000 ya kila wiki mwezi wa Machi? Atakopa kwingine alipe hapa. Ukikopa kwa ajili ya shamba, tafuta mkopo wa msimu unaolipwa baada ya mauzo. Anzia kwenye SACCOS yenu, yaani chama cha akiba na mikopo, au chama chenu cha msingi cha ushirika (AMCOS).

Kuweka rehani mikorosho kwa misimu kadhaa tunakusihi usikubali kabisa. Aliyeishika ana haja ya kuvuna tu. Kupalilia na kupulizia si mzigo wake, na unaporudishiwa shamba unaanza na miti iliyochoka.

Sasa malipo. Fedha nyingi hukwama kwa makosa madogo. Akaunti isiyotumika muda mrefu hulala, na malipo yakitumwa hurudi. Mwezi Septemba nenda benki, weka hata elfu kumi, uombe karatasi yenye namba ya akaunti na jina lako lilivyoandikwa. Ipeleke AMCOS, simama pale karani anapoingiza namba, msome pamoja tarakimu moja moja. Jina lifanane na la kitambulisho cha NIDA. Ukilipwa kwa simu, laini iwe yako na isiwe na deni, kwa sababu fedha ikiingia deni hukatwa kwanza. Siku ya mzani, soma kilo mwenyewe na usiondoke bila stakabadhi yenye jina, uzito na daraja. Korosho zikaushwe vizuri na kuchambuliwa kabla. Zenye unyevu zitakurudisha nyumbani na nauli umelipa mara mbili.

Usipange maisha kwa bei ya mnada wa kwanza. Bei hupanda na kushuka mnada hadi mnada, na malipo huja vipande vipande.

Fedha ikishaingia, igawe kabla hujanunua hata bati moja. Tuseme umepata 3,000,000. Deni 300,000 lilipe siku hiyohiyo. Shamba tenga 600,000: vibarua wa palizi, mashine ya kupulizia na petroli yake. Hata ukipata salfa ya ruzuku, anayeipuliza anataka ujira. Shule ya Januari 200,000, dharura 200,000. Inabaki 1,700,000, igawe kwa miezi kumi, Januari hadi Oktoba, upate 170,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo fedha yako ya kula. Kama kuna mtoto wa kupelekwa jando au unyago mwaka huo, sherehe ina heshima yake, ila fungu lake litengwe hapa, lisichotwe kwenye salfa.

Katika fungu la shamba, fedha ya kupulizia iweke amana ya muda maalumu ya miezi sita. Ukiiweka Desemba inaiva Juni, kupulizia kukiwa kumepamba moto. Kama una ufuta, fedha yake ya Juni na Julai nunulia mahindi wakati bei bado iko chini, usiyasubiri ya Februari.

Na kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, angalia kikundi kinavunja lini, yaani kinagawana fedha lini. Kinachovunja Desemba kinakuongezea fedha wakati tayari unazo. Wanakikundi wakiwa wakulima wa korosho, pendekezeni mzunguko uishe Mei, gawio limkute kila mtu anapotafuta fedha ya kupulizia.