Ni kipimo cha jeni, si cha jini (kwa aliyeuliza kuhusu BCR-ABL ya mdogo wake)

Pole sana mleta mada, na mfikishie mdogo wako pole zangu. Nimeusoma uzi wako mara mbili pamoja na majibu yaliyotangulia, la yule muuza majani ya stafeli likiwemo. Nimeona nijibu kwa kirefu kwa sababu hiyo CML, aina ya saratani ya damu, ninayo mwenyewe, huu ni mwaka wa nane, na niko hapa Morogoro nashona nguo za watu kama kawaida.

Kwa wanaoingia sasa: mdogo wake ana miaka 27, FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) imesoma chembe nyeupe 240,000, bandama imefika kitovuni, na daktari anataka kipimo cha BCR-ABL kabla ya kumpa dawa. Kipimo ni ghali. Wengine nyumbani wanasema aanze dawa tu, shangazi anasema ugonjwa umetoka upande wa mama kwa hiyo watoto wote wapimwe, na juu ya yote kuna harusi yake ya Desemba.

Mimi ilianza 2016. Nikila vijiko viwili nimeshiba. Usiku shuka linalowa jasho, sketi zinabana kiunoni huku mashavu yameingia ndani. Nimepimwa malaria mpaka nikaacha kuhesabu. Huku kwetu ukiwa na bandama kubwa, kwanza watafikiria malaria ya muda mrefu, kisha kichocho. Baadaye wakasema jasho la usiku na kukonda huenda ni TB, nikatoa makohozi, yakaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, hamna kitu. Ikumbukeni hiyo mashine, nitairudia. Miezi saba ilikwenda hivyo, mpaka daktari mmoja kijana aliyekuwa zamu akaagiza FBP, kipimo cha bei ndogo kuliko vyote nilivyokuwa nimelipia. Chembe nyeupe 312,000. Za mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika maikrolita moja ya damu. Wa maabara alirudia kupima akidhani mashine imemdanganya.

Nikapewa rufaa ya Dar. Huko wakasema wanataka kupima jeni. Nikampigia mama simu kumweleza, mtandao unakatakata, yeye akasikia jini. Narudi Ijumaa nakuta shehe amekaa sebuleni, chetezo kinafuka, na majirani wawili wameshajua kila kitu. Leo tunacheka. Siku ile sikucheka, nilikuwa na homa na nilitaka kulala tu.

Sasa hiyo jeni. Vinasaba vyetu, ndizo hizo jeni, vimefungwa kwenye kromosomu 46 ndani ya chembe, nazo zina namba. Niruhusu nitumie kazi yangu. Chukua kitenge namba 9 na kitenge namba 22. Kata pindo la kila kimoja, kisha shonea pindo la 9 kwenye 22 na la 22 kwenye 9. Hakuna kitambaa kilichopotea, lakini kwenye mshono mpya yamekutana maua yasiyohusiana: kipande cha jeni ya ABL kutoka namba 9 kimeungana na kipande cha jeni ya BCR cha namba 22. Kiraka hicho ndicho BCR-ABL. ABL ikiwa kwake huwashwa na kuzimwa kwa kipimo. Ikishonewa kwenye BCR haizimiki. Mafundi wenye cherehani za umeme wanajua pedeli ikinasa: umeshaondoa mguu, sindano bado inakwenda. Uboho ndivyo unavyotoa chembe nyeupe, na bandama inavimba kwa kuzipokea.

Kwenye makaratasi yenu mtaona pia "Ph", au kromosomu ya Philadelphia. Msitishike, ni jina la mji. Peter Nowell na David Hungerford waliiona huko mwaka 1960, kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwenye chembe za wagonjwa wa CML. Kwamba ufupi wake unatokana na 9 na 22 kubadilishana vipande, hilo alilitangaza Janet Rowley wa Chicago mwaka 1973. Huyu mama nampenda bure. Picha za kromosomu alikuwa akizikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, na wanawe wakimtania kwamba analipwa mshahara kwa kuchezea wanasesere wa karatasi. Mkasi, meza, vipande. Angekuja kwangu ningempa kiti.

Tuje kwa shangazi. Mshono huo hautoki kwa mama wala kwa baba. Unatokea mtu akiwa ameshazaliwa, kwenye chembe mama moja ya uboho, na hiyo moja ndiyo inayozaa zile laki mbili mnazoziona. Kwa hiyo watoto wengine hawana haja ya kupimwa BCR-ABL, hiyo hela iwekeni nauli ya mgonjwa. Na mama yenu aachwe apumue. Mimi wifi zangu walinihesabia marehemu wote wa ukoo wetu, hakuna kilichopatikana zaidi ya ugomvi uliodumu mpaka Idi.

Nadhani shangazi anachanganya na BRCA1 na BRCA2, za saratani ya matiti na ya ovari. Hitilafu za jeni hizo ndizo zinazoweza kurithiwa, tena hata kupitia kwa baba, na huko ndiko kuna maana ya dada na mabinti kuzungumza na daktari kuhusu kupimwa. Kwa hiyo mtu akikutajia kipimo cha jeni cha saratani, muulize kwanza kama ni jeni aliyozaliwa nayo mgonjwa au ni jeni ya ugonjwa wenyewe. Bei zinaweza kulingana, lakini maana zake hazilingani kabisa.

"Aanze dawa tu." Dawa ipi? Inawezekana ameshapewa haidroksiyurea, vidonge vya kushusha chembe wakati mnasubiri majibu. Sawa, anywe kama alivyoelekezwa. Lakini vile vinapunguza wingi tu, mshono viliukuta na vitauacha. Dawa inayolenga mshono ni imatinibu, wengi wanaijua kwa jina la Glivec, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2001. Inaingia kwenye ile protini ya BCR-ABL, mahali inapochukulia nguvu zake, inaketi hapo, pedeli inaachia. Kama mgonjwa hana BCR-ABL, kwa kawaida imatinibu haina pa kukaa. Na yako magonjwa mengine ya uboho yanayopandisha chembe nyeupe na kuvimbisha bandama vilevile, kwa macho hutayatofautisha.

Halafu kuna suala la bei ya dawa yenyewe, ambayo ni ya kila siku. Mwaka 2002 kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation walianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wasioweza kununua, katika nchi nyingi zikiwemo zetu, na tangu mwanzo walitaka uthibitisho wa hiyo kromosomu au hiyo jeni. Shirika lina jina la Max Rivarola, kijana aliyefariki kwa CML mwaka 1991 akiwa na miaka 17, yaani miaka kumi kabla kidonge hakijatoka. Kwa hiyo ukipiga hesabu, kipimo mnachokiona ghali ndicho karatasi ya kuombea dawa. Ulizeni kliniki ya magonjwa ya damu kama wana utaratibu wa namna hiyo, na ulizeni bima inabeba nini, kabla hamjauza kiwanja. Narudia, kabla.

Kuhusu kutoa sampuli, sikilizeni sana, maana hapa niliumia. Damu yangu ya kwanza ilichukuliwa Ijumaa mchana, hospitali siitaji. Kichupa cha kifuniko cha zambarau kikakaa hapo hadi Jumatatu, kikasafiri, na baada ya wiki tatu nikaambiwa sampuli haifai. Pesa haikurudi. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kinachopimwa ni RNA, nakala inayotolewa kutoka kwenye jeni, na hiyo huharibika upesi damu ikikaa. Mpelekeni mapema katika wiki. Muulizeni wa maabara sampuli inaondoka lini na kwa usafiri gani. Atanuna, mwacheni anune.

Kuna watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson kule Seattle, Marekani, waliolitazama tatizo hilihili la umbali, wakatengeneza njia ya kudondosha damu kwenye karatasi maalumu, inaachwa ikauke, kisha inatumwa kwa posta na BCR-ABL inatafutwa humo. Kina mama waliopeleka vichanga kupimwa VVU wanaijua karatasi ya aina hiyo, ile ya matone ya kisigino. Ni selulosi ya pamba. Mimi pamba nimeishika maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri inaweza kubeba ugonjwa wangu ndani ya bahasha.

Na ile mashine? Mwaka wangu wa pili wa dawa nimekaa nasubiri kipimo cha marudio, mlango wa maabara uko wazi, naiona GeneXpert imekaa mezani, ndugu yake yule aliyenipima makohozi. Nikamuuliza fundi wa maabara, mbona mnanipima TB tena? Akanionyesha katriji. Mashine ni ileile, kinachobadilika ni kikasha unachochomeka: kimoja kinatafuta vinasaba vya bakteria wa TB, kingine kinahesabu BCR-ABL. Kwa hiyo hata hospitali yenu ikiwa na mashine, ulizeni katriji.

Maana kipimo si cha mara moja. Mtakuwa mnaletewa namba ya BCR-ABL kwa asilimia, nazo ndizo mtakazoishi nazo. Wanachotaka ni ifike 10 au chini baada ya miezi mitatu, 1 au chini baada ya sita, na 0.1 au chini ikitimia mwaka. Yangu ya miezi mitatu ilikuwa 14, nikalia kwenye basi toka Ubungo hadi Chalinze. Ya sita ikaja 0.9. Usimhukumu mtu kwa namba moja.

Nitakiri na jambo. Mwaka wa tatu nilikuwa na 0.04, nimenenepa, kazi zimejaa, kope zinavimba kila asubuhi kwa sababu ya dawa na misuli ya miguu inakaza nikikanyaga cherehani. Nikaanza kuruka. Leo nameza, kesho sinywi. Namba ikapanda hadi 2.3. Daktari akaniuliza, mama, dawa unameza? Nikamwambia kila siku. Kwa kuniamini, akaagiza kipimo cha kutafuta kama jeni yenyewe imebadilika tena, maana kuna badiliko moja linaitwa T315I ambalo likitokea imatinibu haifanyi kazi na mgonjwa anahitaji dawa nyingine, kama ponatinibu. Kipimo kikarudi safi. Hapo nikaona haya, nikasema ukweli. Ile gharama ilikuwa ya uongo wangu. Nikarudi kwenye miligramu 400 kila siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, na baada ya miezi minane nilikuwa chini ya 0.1 tena.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Balungi aache, linavuruga kiasi cha dawa kwenye damu. Akija kuambiwa ana TB, awaambie palepale anatumia imatinibu, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huishusha sana. Majani ya stafeli na mizizi ya kuchemsha, mimi siyaamini, na hata anayeyaamini amwambie daktari wake. Pia ngozi inaweza kufifia rangi. Mimi nilipauka uso na mikono hadi wateja wakanong'ona kwamba fundi kaanza mkorogo, mmoja akaniuliza jina la krimu. Ni dawa tu, mdogo wako asishangae.

Kama ataishi: katika utafiti mkubwa wa walioanzishiwa imatinibu mapema, kama 83 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka kumi. Walifuatiliwa kwa karibu kuliko sisi tunaokwenda kliniki kwa basi, lakini mimi namba hiyo nimeiandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa kwanza.

Harusi sasa. Dawa haimzuii kuoa, na wanaume wanaotumia imatinibu wamezaa watoto wazima. Sisi wanawake ndio wa kukaa na daktari kwanza, maana dawa hii na mimba haviendi pamoja. Bibi harusi aelezwe yote sasa hivi, na aelezwe na mdogo wako mwenyewe, asije akayasikia kwa shangazi. Desemba mnaweza kuiacha palepale kama majibu yatatoka mapema na dawa ikaanza.

Suti tu ndiyo msipime sasa. Bandama ikianza kurudi, kiuno kinapungua kwa kasi. Mimi sketi zangu zote nilizifumua mwezi wa pili wa dawa, na mwezi wa tano nikazifumua tena.