Fundi Anajibu: Flashi Inaingia, Kompyuta Haioni Kitu

Mwezi huu barua za poti za USB zimefunika mpaka zile za virusi, sijui ni vumbi la kiangazi au ni nini, na karibu zote zimetoka kwa watu waliounga kompyuta wenyewe nyumbani. Basi ukurasa wote nimewapa wao, wa printa mnivumilie.

SWALI: Salaam fundi. Mimi niko Busia huku mpakani, nina laibrari ya filamu, zile zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale wanaosimulia filamu kwa lugha yetu, mteja analeta flashi yake namwekea anazotaka. Kompyuta niliunga mwenyewe mwaka jana, mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) mtumba, kasha mtumba, pawa saplai tu ndiyo nilinunua mpya Kampala. Ilikuwa inapiga kazi vizuri halafu poti za mbele zikaanza kusumbua, unachomeka flashi inalia ting, inajitoa yenyewe, unaitikisa inarudi, mpaka nikawa nakunja kakaratasi naweka chini ya flashi ndio itulie. Sasa mbele zimekufa zote mbili. Nikahamia nyuma, nikaweka habu ya midomo saba na disk yangu ya nje ya filamu humohumo, lakini ikifika saa nane mchana poti hiyo na mwenzake wa pembeni zinakata, kesho asubuhi zimefufuka. Wiki hii kompyuta yenyewe imeanza kugoma kuwaka. Fundi wa hapa jirani anasema mazabodi imekwisha. Ninunue nyingine? – Mwenye laibrari, Busia

JIBU: Ndugu yangu usinunue kitu. Kwanza hako kakaratasi ndiko kamenipa nusu ya jibu, na nusu nyingine iko kwenye ile habu. Una matatizo mawili tofauti na huyo fundi ameyafunga kamba moja.

Tuanze mbele. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani kabisa, sio kuzima tu, maana kompyuta ikiwa imezimwa lakini waya uko ukutani zile poti nyingi bado zina umeme wa volti 5. Chukua tochi ya simu umulike ndani ya poti. Utaona ulimi mdogo wa plastiki na juu yake vipande vinne vya shaba. Nina wasiwasi ulimi wako umepinda au umepasuka, na vile vipande viwili vitatu vimelaliana. Karatasi ilikuwa inausukuma ulimi ili mguso upatikane, kila siku unausukuma, mwisho ukakubali kukunjika. Kipande cha pembeni upande mmoja kinabeba volti 5 na cha pembeni upande wa pili ni cha kurudishia umeme, hivyo viwili vikikutana kupitia kitu chochote cha chuma umeshapiga shoti, na hapo ndipo kompyuta inapogoma kuwaka. Mazabodi haijafa, inajikinga. Kuna nyingine zinaandika kabisa kwenye skrini kwamba USB fulani inavuta umeme kupita kiasi na zinajizima baada ya sekunde 15, nyingine hazisemi kitu zinanuna tu.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua kasha, fuata waya unaotoka kwenye zile poti za mbele mpaka unapoingia kwenye mazabodi, uchomoe. Washa. Ikiwaka kawaida basi umempata mwizi, na mwizi ni kipande cha plastiki cha mbele ya kasha, sio mazabodi. Isipowaka rudi uniandikie maana hapo tunaongea habari nyingine.

Huo waya kama ni wa USB 2.0 utakuta pini tisa, mistari miwili ya tano tano lakini pembeni moja haipo, na hilo pengo ndilo linakuonyesha waya ukae upande gani. Kila mstari ni poti moja: nyekundu volti 5, nyeupe na kijani ndizo zinapitisha data, nyeusi ya kurudishia. Sasa wewe umesema kasha ni mtumba, na makasha ya zamani kuna yaliyokuja na nyaya moja moja zisizo na kichwa kimoja, unazipanga mwenyewe kwa kusoma maandishi madogo kama ya sindano. Ukikosea nyekundu na nyeusi umeua flashi ya mteja, na mteja wa Busia atakudai flashi na filamu zote zilizokuwemo. Na kama mazabodi ni ya miaka mingi sana, angalia vizuri maandishi yaliyo pembeni ya pini, kuna mazabodi zilikuwa na pini za FireWire, aina nyingine ya poti, zimeandikwa 1394, umbo ni lilelile la pini tisa, waya wa USB unaingia vizuri tu bila kulalamika, halafu moshi. Ile kubwa ya USB 3.0 ina pini 19, hiyo ukiichomoa vuta wima polepole ukishika na kile kiganda chake kwenye mazabodi, watu wengi wameng'oa kiganda na pini zote zikaja nacho.

Ukishachomoa waache hivyohivyo marehemu. Usijaribu kunyoosha ulimi kwa praiya. Tafuta kipande cha mbele kingine kwa mafundi wanaobomoa makasha mabovu, au nunua kile kibao cha poti kinachofungwa nyuma ya kasha kwa skrubu moja na waya wake unaingia kwenye pini zilezile.

Tuje nyuma. Poti zinakufa saa nane na zinafufuka asubuhi, hapa hakuna uchawi. Kwenye mazabodi nyingi kuna fyuzi ndogo ambayo haiungui kama fyuzi ya kwenye plagi, ikipitisha umeme mwingi inapata moto na inaubana umeme, ikipoa inaachia. Na mara nyingi fyuzi moja inalinda poti mbili zilizopandana, ndio maana unasema na mwenzake wa pembeni anakata. Poti ya USB 2.0 kwa kanuni inatoa miliampa 500, ile ya 3.0 yenye ulimi wa buluu 900. Wewe kwenye tundu moja umetundika habu isiyo na waya wake wa umeme, disk ya nje inayozunguka, na flashi za wateja tatu nne, tena saa nane mchana Busia joto unalijua wewe mwenyewe. Hiyo fyuzi inafanya kazi yake kama mlinzi mwema na nyinyi mnamwita mgonjwa.

Toa disk kwenye habu, ikae kwenye poti yake peke yake nyuma moja kwa moja kwenye mazabodi. Habu tafuta ile yenye adapta yake ya ukutani. Ukiwa na mita ya kupimia umeme unaweza kupima, kompyuta ikiwa imewashwa, ncha nyeusi iguse chuma cha kasha, nyekundu iguse pini ya kwanza ya zile tisa, upate kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma chini ya hapo hata bila mzigo basi mashaka yahamie kwa pawa saplai, hata kama ni mpya. Mpya ya wapi kwanza? Zile nyepesi ukiinyanyua unadhani ni kasha tupu, mimi siziamini.

Sasa nikwambie kitu ambacho wenye laibrari wengi hawakijui. Poti ya USB ya kawaida, ile ya mdomo mpana, kiwango chake ni kuchomeka na kuchomoa mara 1,500. Kwa mtu wa nyumbani hiyo ni miaka. Wewe ukipata wateja 50 kwa siku kwenye tundu moja ni mwezi tu umemaliza hesabu, kinachofuata ni bahati. Poti kwenye kazi yako ni kama soli ya kiatu, ni ya kulika. Kwa hiyo nunua waya wa ekstensheni mfupi wa USB, nusu mita inatosha, bei ya rolex chache, zile chapati za mayai, chomeka kwenye mazabodi mara moja usiuguse tena, na flashi zote za wateja ziingie kwenye mdomo wa huo waya. Ukichoka tupa, weka mwingine. Usichukue mrefu wa mita kumi ili ufike mpaka kaunta, USB 2.0 mwisho wake ni mita 5 na hizo za bei rahisi hata mita tatu zinaanza kusumbua.

Halafu wakati kasha liko wazi fanya kitu kimoja zaidi, na hapa najicheka mwenyewe. Kompyuta yangu ya kwanza kuunga, poti moja ya nyuma haikuwahi kufanya kazi hata siku moja, nimebadilisha draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitambua kifaa, nimefuta Windows nimeweka upya mara mbili, miezi minne. Kumbe lile bati la nyuma linalozunguka poti lina vimeno vidogo vya chuma, na wakati nabana mazabodi kimeno kimoja kiliingia ndani ya poti badala ya kukaa juu yake! Mulika kwa nje utakiona. Kama umo kwenye kundi langu, legeza skrubu za mazabodi, isogeze nyuma, inua kimeno, rudisha. Na hesabu vile vijiti vya shaba vilivyo chini ya mazabodi, kila kijiti kiwe na tundu lake juu, kasha la mtumba linakuja na vijiti vya mwenye nyumba wa zamani na kimoja kikigusa mahali pasipo na tundu utapata vituko visivyo na jina.

SWALI: Fundi, nimeunga desktopu kwa mazabodi ya Intel ya kizazi cha sita, nataka kuweka Windows 7 kwa sababu programu yangu ya mahesabu ni ya zamani. Kwenye bayosi, ile skrini ya mipangilio kabla ya Windows, kibodi na mausi vinafanya kazi, ikifika ile skrini ya kuchagua lugha vyote vinakufa. Nimejaribu poti zote. Mbovu zote kweli? – Arua

JIBU: Hakuna mbovu hata moja. Windows 7 ilitoka 2009 haina draiva ya USB 3.0 ndani yake. Zamani mazabodi zilikuwa na kidhibiti cha USB cha aina ya zamani pembeni kwa hiyo hukuona shida, lakini hizi za Intel kuanzia 2015 walikitoa, poti zote zinapita kwenye kile kipya, na Windows 7 inakiangalia kama mgeni asiyejua lugha yake. Bayosi inakijua, ndio maana kule unachapa vizuri.

Kama mazabodi ina lile tundu la duara la zambarau, au la nusu zambarau nusu kijani, azima kibodi ya zamani ya PS/2, ndio njia fupi kuliko zote, ukimaliza unaweka draiva ya USB. Kama haina itabidi uziingize draiva ndani ya flashi ya Windows kabla ya kuanza, kuna programu za watengeneza mazabodi za kazi hiyo. Mimi lakini ningeiweka hiyo programu ya mahesabu kwenye Windows mpya zaidi nione kama itakubali, nyingi zinakubali ukichagua kuiendesha kwa mtindo wa zamani. Windows 7 haipati marekebisho ya usalama tangu Januari 2020 na wewe unaweka humo pesa za watu.

SWALI: Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, sasa kompyuta inawaka lakini poti za nyuma zote hazioni kitu, mausi taa haiwaki. Mtoto ana mtihani. Nisaidie haraka. – Mama wa watatu, Nansana

JIBU: Mama pole. Chomoa waya ukutani, chomoa kila kitu kilichoko nyuma, bonyeza kile kitufe cha kuwashia ukikishikilia kama sekunde 30 hivi, kinamaliza umeme uliobaki ndani. Ikikataa, waya ukiwa bado umechomolewa ukutani, mwambie mtoto atoe ile betri ya duara kwenye mazabodi, imeandikwa CR2032, mkae dakika kumi muirudishe. Mara nyingi zinaamka hapo, saa na tarehe tu ndizo mtarekebisha.

Zikikataa tena na taa ya mausi haiwaki kabisa hata kwenye bayosi, basi sio Windows, usikubali mtu akutoze pesa za kuweka Windows upya. Hapo kuna kitu kimeungua. Lakini kompyuta nzima haijafa, kuna kadi ya USB inayoingia kwenye tundu la PCIe ndani, bei yake haifiki hata karibu na ya mazabodi, inampa poti nne mpya na mtihani unaendelea. Na umeme ukikatika, nenda zima ukutani, usingoje urudi kompyuta ikiwa imeunganishwa, subiri utulie dakika chache ndio uwashe.

SWALI: Mausi yangu isiyo na waya inakwamakwama kila nikikopi vitu kwenye disk ya nje. Betri mpya. – Jinja

JIBU: Disk yako ni ya USB 3.0, sivyo? Hizo zikifanya kazi zinatoa makelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, hukohuko mausi yako inakoongelea, na hako kadude kake kadogo ka USB kanakopokea mawasiliano ya mausi nadhani umekachomeka tundu la jirani. Kahamishie mbele ya kasha au kwenye ekstensheni fupi kakae karibu na mkono wako. Betri zirudishe kwenye rimoti ulikozitoa.